Baba ana tezi dume na mnataka leza: namna ya kujipanga mkiwa Kigoma, kuanzia vipimo hadi wiki ya sita

Kwa mtu wa Kigoma, upasuaji wa tezi dume kwa leza ni safari kabla haujawa upasuaji. Kwenye meza mzee atakaa saa moja hadi mbili, tezi ikiwa kubwa sana labda zaidi kidogo. Kinachoamua kama atarudi na nafuu au na tatizo jipya ni yale mliyoyapanga kabla ya kupanda basi, na namna mtakavyomtunza wiki sita baada ya hapo. Nimeuguza wazee wengi kwenye wodi ya upasuaji ya wanaume. Haya nawaandikia hasa watoto wanaowasindikiza baba zao, na wazee wenyewe wanaopenda kujisomea.

Kwanza, mfahamu mnatibu nini

Tezi dume imekaa chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo. Kwa kijana ina kama gramu 20. Miaka inavyosonga inakua, na kwa kuwa mrija unapita katikati yake, inaubana. Ukuaji huu wa uzeeni si saratani na haugeuki kuwa saratani, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja. Si ngiri wala busha pia, kwa hiyo aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri zamani asijione ameshamaliza.

Shida ya kwanza ni kwamba mzee hasemi. Unamsalimia, unamuuliza, "Baba, haja ndogo inatoka vizuri?" Anakujibu, "Inatoka, mwanangu," na mazungumzo yameisha. Akiwepo binti au mkwe ndiyo kabisa. Mwacheni mtoto wa kiume au rafiki yake wa barazani akae naye peke yao, amuulize mambo yanayohesabika: usiku unaamka mara ngapi? Ukisimama chooni, unasubiri mkojo uanze? Unakatika katikati na kuanza tena? Ukimaliza unahisi bado umebaki? Kuna siku umekubana ghafla ukashindwa kufika chooni? Majibu hayo yaandikeni. Daktari naye atauliza hayo hayo, kwa kipimo cha maswali saba chenye alama 35: alama 0 hadi 7 ni tatizo dogo, 8 hadi 19 la kati, 20 na kuendelea ni kubwa.

Wengi huanzishiwa dawa kwanza. Tamsulosini hulegeza misuli ya eneo hilo na nafuu huonekana ndani ya siku au wiki chache. Finasteridi huipunguza tezi yenyewe, lakini inataka miezi sita hivi, kwa hiyo msiiache mwezi wa pili mkisema haifanyi kazi. Upasuaji unakuja pale dawa zinaposhindwa, mkojo unapoziba kabisa, unapotoka damu mara kwa mara, UTI isipoisha, mawe yanapojijenga kibofuni, au figo zinapoanza kuumia kwa mkojo unaorudi nyuma. Hilo la figo ndilo ninaloliogopa kuliko yote, maana haliumi.

Mkojo ukiziba ghafla, mzee anagaagaa na tumbo la chini limejaa, hakuna kusubiri kesho wala kumpa mitishamba ya kusukuma mkojo. Mpelekeni Maweni au hospitali yoyote iliyo karibu awekewe mpira wa kutolea mkojo usiku huo huo. Muulizeni pia kama amekunywa dawa ya mafua. Baadhi ya dawa za mafua na kikohozi hukaza mlango wa kibofu, na nimeona wazee wakiziba kwa vidonge vya dukani tu.

Vipimo vifanyike huku huku

Msipande gari kwenda Mwanza, Dodoma wala Dar mkiwa mikono mitupu. Vipimo vingi vinavyohitajika vinafanyika kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni kwa Kigoma na Kitete kwa Tabora: utrasaundi ya figo, kibofu na tezi, ikionyesha ukubwa wa tezi na kiasi cha mkojo unaobaki baada ya kukojoa, mkojo wenyewe, kipimo cha figo cha kreatinini, wingi wa damu na kundi lake, sukari, presha, na PSA, kipimo cha damu kinachosaidia kutafuta saratani ya tezi dume. Ombeni majibu kwa maandishi, pigeni na picha kwa simu.

Kuhusu PSA kuna jambo watu hawaambiwi. Hupanda mtu akiwa na maambukizi ya mkojo, mkojo ulipoziba, au mpira ulipowekwa karibuni. Ikipimwa wakati huo familia nzima inalia saratani bure. Na anayemeza finasteridi kwa miezi sita au zaidi PSA yake hushuka hadi karibu nusu, kwa hiyo namba inayoonekana nzuri inaweza isiwe nzuri. Mwambieni daktari mzee anameza nini.

Damu kwenye mkojo nayo msiitupie tezi moja kwa moja. Mtu aliyekulia kwenye mabwawa na majaruba ya mpunga anaweza kuwa na kichocho cha siku nyingi, na kichocho cha muda mrefu huweza kuleta saratani ya kibofu. Huyo aangaliwe kibofu kwa kamera kabla ya mambo mengine.

Je, lazima iwe leza?

Hapa nasema wazi, maana nimeona watu wakiumia kwa kuisubiri. Leza ni nzuri kweli. Haina kuchanwa tumbo: chombo chembamba chenye kamera kinapita kwenye njia ya mkojo, na ndani yake uzi unaopeleka mwanga wa leza unaokata nyama. Kwa leza ya holmiamu, daktari anaibandua nyama iliyokua kutoka kwenye ganda lake, anaisukumia kibofuni, kisha mashine inaisaga na kuinyonya nje. Njia hii ilianzishwa na Peter Gilling na wenzake huko New Zealand miaka ya 1990. Leza hiyo haipenyi hata nusu milimita ndani ya nyama na huziba mishipa inapokata, ndiyo maana damu inayopotea ni kidogo. Inafaa hata kwa tezi kubwa sana, zile ambazo zamani zilikuwa ni za kufungua tumbo tu. Ipo pia leza ya kijani, ambayo huivukiza nyama badala ya kuibandua. Mara nyingi huchaguliwa kwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, ila haiachi nyama ya kupeleka maabara.

Lakini upasuaji wa kukwangua tezi kwa umeme kupitia njia ile ile ya mkojo umewasaidia mamilioni ya wanaume, na kwa tezi ya wastani matokeo yake yanakaribiana sana na ya leza. Hata ule wa kufungua tumbo, unaofanyika kwenye hospitali nyingi zaidi, unaondoa tatizo kwa miaka mingi. Unataka tu siku zaidi wodini na ndugu wa kutoa damu. Kama figo zimeanza kuumia na daktari bingwa aliyeko karibu anaweza kumfanyia mzee sasa, mfanyieni sasa. Kumweka nyumbani na mpira kwa miezi minane mkitafuta pesa ya leza ni kubadilisha nafuu ya uhakika kwa matumaini.

Mkishaamua leza, pigeni simu kabla ya kusafiri

Kuwa na mashine ni jambo moja. Mashine kufanya kazi wiki hiyo na mwenye kuimudu kuwepo ni jingine. Ulizeni idara ya upasuaji wa mfumo wa mkojo: leza ya aina gani, daktari anaifanya mara kwa mara au kwenye kambi za matibabu tu, foleni ni ya muda gani, na gharama yote ni kiasi gani pamoja na kitanda, ganzi na kipimo cha nyama. Kubandua tezi kwa holmiamu ni kazi inayochukua muda mrefu kuizoea, na mtu aliyekwisha kufanya nyingi ana thamani kuliko jina kubwa la hospitali. Swali hilo si la utovu wa adabu, ulizeni tu kwa heshima.

Wenye bima wahakikishe mambo mawili kabla ya tiketi: barua ya rufaa iwe mkononi, na mjue kama kifurushi chenu kinalipia leza au mtaongeza wenyewe. Tafuteni pia mwenyeji. Mtahitaji pa kukaa karibu na hospitali kwa wiki mbili hivi baada ya mzee kuruhusiwa, na hilo ndilo wengi hawaliwekei bajeti.

Kama anasafiri akiwa na mpira, mfuko ufungwe pajani au mguuni, chini ya usawa wa kibofu, chini ya suruali pana au kikoi. Usipakatwe wala kutundikwa kwenye ndoano ya dirishani, mkojo utarudi ndani na vijidudu vyake. Mwageni kabla haujajaa. Barabara ya Kasulu, Kibondo hadi Nyakanazi ni ndefu, mwambieni kondakta mapema kwamba kuna mgonjwa atakayehitaji kushuka. Na msimnyime maji kwa kuogopa choo cha njiani: mkojo mzito huziba mpira.

Wiki ya mwisho kabla ya upasuaji

Mkojo huoteshwa maabara, na kukiwa na wadudu wanatibiwa kwanza. Upasuaji ukiahirishwa kwa sababu hiyo msigombane na manesi. Kumpasua mtu mwenye maambukizi ya mkojo ni kuyaingiza kwenye damu.

Dawa zote za mzee zitieni kwenye mfuko mmoja mwende nazo, pamoja na za kienyeji. Dawa za kuzuia damu kuganda, yaani junia aspirini, klopidogreli na wafarini, zitajwe kwa sauti. Asiziache mwenyewe, na asiendelee nazo kimya kimya: daktari ndiye anayesema lini zisimame na lini zirudi, maana kwa mwenye moyo au aliyepata kiharusi kuziacha kiholela nako ni hatari.

Jambo lingine ni la kuzungumzwa na mzee mwenyewe, ikiwezekana na mama akiwepo. Baada ya upasuaji huu wanaume wengi, zaidi ya nusu, hawatoi tena manii nje wakati wa tendo la ndoa. Yanarudi kibofuni na kutoka baadaye na mkojo. Haina madhara, na nguvu za kiume kwa kawaida zinabaki kama zilivyokuwa. Lakini mwenye mke kijana na anayetaka mtoto bado, aseme kabla. Mzee aliyeambiwa mapema anapokea. Yule anayekuja kugundua mwenyewe chumbani anadhani ameharibiwa, na nimewaona wakikataa kurudi kliniki kwa sababu hiyo.

Siku yenyewe na wodini

Hali chakula kuanzia usiku, kadiri atakavyoelekezwa. Mara nyingi ni ganzi ya mgongo: miguu inakuwa mizito kwa saa kadhaa, anaweza kuwa macho na asisikie maumivu. Wengine hulazwa usingizi kabisa.

Atatoka na mpira wenye matawi matatu: moja linaingiza maji ya chumvi kibofuni, moja linatoa, la tatu ni la puto linaloushikilia. Maji hayo yanaosha damu isigande ndani. Wewe uliyekaa pembeni ya kitanda kazi yako ni kuangalia mfuko. Rangi ya juisi ya rozela iliyozimuliwa maji mengi ni ya kawaida siku hiyo. Ikiwa nzito kama rozela isiyoongezwa maji, au ukiona mabonge, au maji yanaingia na hayatoki huku mzee anasema tumbo linajaa, mwite nesi hapo hapo. Usiogope kumsumbua. Mpira ulioziba kwa bonge la damu ukizibuliwa mapema ni kazi ya dakika chache kwa bomba la sindano kubwa. Ukiachwa hadi asubuhi unaweza kumrudisha mzee thieta.

Atahisi pia mkojo umembana ingawa mpira upo. Ni puto linagusa kibofu. Asisukume, asivute mpira. Avute pumzi taratibu, hisia itapita. Ikizidi ipo dawa.

Baada ya leza mpira mara nyingi hutolewa kesho yake au siku ya pili. Akishatolewa anakunywa maji, anakojoa kwenye kopo, wanapima. Mara ya kwanza inachoma na inatoka damu kidogo. Wachache hushindwa kukojoa, wanarudishiwa mpira kwa siku chache. Kibofu kilichohangaika miaka mingi kinahitaji muda, hiyo haimaanishi upasuaji umeshindwa.

Msikimbilie nyumbani

Ruhusa ya kutoka wodini mnaichukulia kama ruhusa ya kupanda basi. Sivyo. Karibu na siku ya 10 hadi 14, ganda la kidonda cha ndani hubanduka na damu hutokea tena, wakati mwingine ghafla baada ya siku kadhaa za mkojo safi. Mara nyingi inaisha kwa maji na mapumziko. Lakini sitaki hilo limkute mzee katikati ya pori la Biharamulo, amekaa kiti kimoja tangu alfajiri, gari linaruka kwenye matuta. Kukaa muda mrefu bila kujinyoosha pia kunagandisha damu kwenye miguu.

Kaeni jirani na hospitali zipite hizo wiki mbili, mrudi kliniki aangaliwe, ndipo msafiri. Mkitoka Dar au Dodoma, treni ni bora kuliko basi: kuna choo, na mzee anaweza kusimama na kutembea kwenye behewa. Kwa basi, chagueni linalokubali kusimama, ashuke atembee kila saa mbili.

Wiki sita za nyumbani

Maji lita mbili hadi mbili na nusu kwa siku, mengi mchana, apunguze baada ya saa mbili usiku. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kiasi alichopewa na daktari wake. Chai na kahawa zipungue, zinakichokoza kibofu.

Choo kigumu ni adui mkubwa kuliko wanavyodhani. Akichuchumaa na kusukuma, damu inaanza. Ugali wa muhogo na dagaa wakavu siku nzima bila mboga havitamfaa kipindi hiki. Mpikieni mchicha, maharage yaliyoiva sana, papai asubuhi, uji mwepesi. Kama choo cha nyumbani ni cha shimo, tafuteni kiti kilichotobolewa. Ikibidi, aombe dawa ya kulainisha choo.

Kwa wiki nne asibebe kitu kinachozidi kilo tano: ndoo ya maji, gunia, mjukuu. Asilime, asivute nyavu, asipande baiskeli wala bodaboda. Tendo la ndoa nalo lisubiri wiki nne. Lakini asilale kutwa. Atembee, mwanzo uani, kisha hadi msikitini au kanisani, na kuongeza kidogo kidogo. Tatizo ni kwamba nje hana kidonda. Watu wanamwona mzima, yeye anajiona mzima, na wiki ya tatu unamkuta shambani. Kidonda kipo, kiko ndani, kina ukubwa wa tezi iliyotolewa.

Mkojo kuvuja ndicho kitu kinachowavunja moyo. Akikohoa, akiinuka kitini, akicheka, unatoka. Kwa wengi hupungua wiki hadi wiki na kuisha ndani ya miezi mitatu. Msaidieni kwa mazoezi: akaze misuli ile anayoitumia kuzuia upepo, bila kukaza tumbo wala makalio, ahesabu hadi 10, aachie, arudie mara 10, mara tatu kwa siku. Ayaanze mpira ukishatolewa. Mnunulieni pampasi za wakubwa au vitambaa safi vya kubadilisha, na mumpe bila watoto kuona.

Wazee wa Ujiji huniuliza kuhusu sala. Kanuni inayofahamika ni kwamba mwenye mkojo usiozuilika hujisafisha, huvaa kinga, hutia udhu wakati wa sala ukishaingia na kuswali, kwa kila sala ya faradhi. Azungumze na sheikh wake mapema, asije akaacha msikiti kwa aibu. Wapo waliojifungia ndani miezi kwa jambo ambalo dini imeshalitolea nafasi.

Yanayotaka hospitali leo, si kesho

Akishindwa kukojoa kabisa. Mkojo ukiwa damu nzito yenye mabonge hata baada ya kunywa maji. Korodani ikivimba na kuuma. Mguu mmoja ukivimba kwenye shavu la mguu, au pumzi ikimkata. Homa ikifika 38 au akitetemeka.

Hilo la homa nalirudia kwa ajili ya huku kwetu. Mzee akitetemeka Kigoma, kila mtu anasema malaria. Kipimo cha malaria kifanyike, ndiyo, lakini mkifika zahanati neno la kwanza liwe "amepasuliwa tezi dume hivi karibuni" na mkojo upimwe. Hata malaria ikionekana, mkojo upimwe. Maambukizi ya mkojo yakiingia kwenye damu hayasubiri dozi ya siku tatu iishe.

Miezi inayofuata

Majibu ya nyama iliyopelekwa maabara yafuatilieni. Mara nyingi hutoka mmeshaondoka, na yanabaki kwenye faili kule mkoani kwa watu. Acheni namba ya simu, mtumeni mwenyeji wenu akayachukue. Mara chache saratani hugunduliwa kwenye nyama hiyo, na familia inayojua mapema ina la kufanya.

PSA apimwe tena baada ya miezi mitatu hivi, kisha kwa ratiba ya daktari. Inatakiwa iwe imeshuka sana, kwa sababu nyama nyingi imetoka. Ila ganda la nje la tezi limebaki, na saratani nyingi huanzia huko. Kwa hiyo ikianza kupanda tena, hata kama namba yenyewe ni ndogo, arudi kwa daktari.

Na kama mkojo ulikuwa na nguvu kisha baada ya miezi ukaanza kuwa mwembamba, ukigawanyika, asidhani tezi imeota upya. Huwa ni kovu limebana njia au mlango wa kibofu. Linapanuliwa au kukatwa kwa kamera, na likiwahiwa ni kazi ndogo kuliko ile ya kwanza.